Goti la Ma Bernadina

Ma Bernadina wa Kanazi alikuwa na kawaida ya kujisifu kwamba hajatokea mwanamke aliyejua kupiga magoti kama yeye. Siku alipoingia kwa wakwe, alisema, wazee waliacha rubisi, ile pombe ya ndizi, mdomoni bila kuimeza, maana alishuka kama unyoya na kuinuka bila kushika kitu. Halafu, kabla msikilizaji hajamaliza kustaajabu, alikuwa anaongeza mwenyewe: "Kushuka bado nashuka vizuri tu. Ila nikishashuka mniletee na godoro, maana nitalala hapo hapo."

Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini mwaka ule wa themanini na tisa jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha kiasi hicho.

Goti liliharibika mwezi wa pili. Alikuwa anatoka shambani na mkungu kichwani, mvua imetoka kunyesha, akakanyaga gogo la mgomba lililokatwa asubuhi, na gogo la mgomba likilowa linateleza kuliko sabuni. Mkungu ulikwenda huku, yeye kule, na goti la kulia likabaki katikati halijui limfuate nani. Alilala wiki mbili. Alipoamka aliweza kutembea, kupika na kupalilia akiwa amesimama. Kuchuchumaa na kupiga magoti ndiyo ilikuwa kazi. Akishuka, goti lilikataa kumrudisha juu mpaka atambae kutafuta mlango au mguu wa meza wa kushikilia.

Nyumbani kwake walikuwa wanne: yeye mwenye miaka hamsini na tisa, na wajukuu watatu. Baba yao, Nathanieli, alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda vitani akarudi bila mkwaruzo, mama yake akatoa misa ya shukrani. Miaka minane baadaye akaja kuchukuliwa akiwa kitandani, na ule ukimwi ambao Bukoba waliupa jina la Juliana, na mkewe akamfuata kabla mwaka haujaisha. Wakabaki Klaudia wa miaka kumi na mmoja, Mwijage wa minane, na Ephrasia mdogo ambaye alikuwa bado anaita kila mwanamke mama.

Pasaka ya mwaka huo Ta Mutembei alikuja kutoka Muleba kusalimia. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na ndiye aliyebaki kichwa cha nyumba yao. Sasa, Uhayani mwanamke hamsalimu shemeji mkubwa akiwa amesimama kama nguzo ya simu. Anapiga magoti, anasalimu, anasubiri ajibiwe, ndipo anainuka. Akimletea maji, magoti. Akimletea kahawa ya kutafuna, magoti tena. Pasaka hiyo Ma Bernadina alimsalimu akiwa ameketi kwenye kiti, akaomba radhi, akaonyesha goti.

Ta Mutembei hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alitafuna punje za kahawa taratibu, akatazama watoto wakicheza uani, akasema kwa upole:

"Ma Bernadina, mimi sikulaumu. Ugonjwa ni ugonjwa. Lakini nikuulize: mtu asiyeweza kushuka chini, mtoto akiangukia mafigani atamwokotaje?"

"Nitamwita jirani, waitu," akajibu kwa heshima.

"Na jirani akiwa sokoni?"

Ma Bernadina akavuta khanga kufunika goti. Ta Mutembei akaendelea. Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria angerudi. Akikuta mambo ni yale yale, watoto wangegawanywa. Klaudia angekwenda kwa binti yake anayeishi Kibeta, asaidie kazi za nyumbani. Mwijage angepelekwa kisiwani Goziba kwa mvuvi mmoja aliyekuwa akifahamiana naye, jina lake Mayenga, ajifunze nyavu. Ephrasia angekaa naye Muleba.

"Watakula," alisema. "Hawatakosa."

Ma Bernadina alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba. Aliporudi alimkuta Mwijage amempanda Klaudia mgongoni, na Ephrasia anawafuata nyuma akilia kwamba zamu ni yake. Akasimama hapo chini ya migomba, akahesabu kwa vidole. Ilibaki miezi minne na karibu wiki tatu.

*

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa Privatus, ambaye kila mtu alimwita Kocha. Wakati wa vita alikuwa mgambo, akafika mpaka ng'ambo ya mto Kagera, akarudi na vitu viwili: filimbi, na mazoea ya kuongea na mtu mmoja kana kwamba wako mia. Alifundisha mpira wa vijana wa kigango, na kila Jumamosi saa kumi aliwakusanya akina mama kwenye kiwanja cha shule kwa mchakamchaka. Siku Ma Bernadina anajiunga walikuwa ishirini na wawili.

Na tuseme haki, Kocha alikuwa na kipaji. Aliweza kumchekesha mwanamke aliyetoka kuzika juzi, na miaka hiyo karibu kila mwanamke alikuwa ametoka kuzika juzi. Alianzisha nyimbo, akawapanga mistari, akawagombanisha mstari huu na ule mpaka watu wazima wenye wajukuu wakaanza kuzomeana kama wanafunzi. Mtu alirudi nyumbani jasho linamtoka na moyo umepungua uzito.

Tatizo ni kwamba Kocha hakuona mtu mmoja mmoja. Aliona kikosi. Alihesabu vichwa wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza, na hesabu ikilingana aliridhika.

"Mmetoka ishirini na wawili, mmerudi ishirini na wawili!" alipaza sauti. "Hakuna aliyepotea!"

"Kocha," Ma Bernadina alimwambia Jumamosi ya pili, akihema, "mimi goti langu ndilo limepotea."

"Linauma?"

"Linauma."

"Lipuuze, Mama. Likiona hulisikilizi litachoka lenyewe."

Akalipuuza. Jumamosi ya nne lilikuwa limevimba kama papai, na aliyechoka ni yeye.

Jumamosi hiyo hiyo Kocha akafanya kosa ambalo mahali pengine lisingekuwa kosa. Alisimama mbele ya akina mama, akajipiga tumbo, akatangaza: "Mkinifuata miezi miwili tu, nawahakikishia, mtapungua mpaka magauni yawapwaye!"

Akina mama wakatazamana. Hapo hapo mtu angesikia mbuzi akitafuna upande wa pili wa uzio. Bukoba ya miaka ile, kupungua! Mtu alikuwa akipungua kidogo shingoni, majirani wanaanza kuulizana kwa sauti ya chini shamba lake limepakana na la nani, kana kwamba ameshazikwa. Wenye nguo za kuwapwaya walizipeleka kwa fundi kabla jua halijazama. Na huyu anasimama na filimbi anawaahidi.

Jumamosi iliyofuata walikuja wanne. Wengine walikuwa majumbani wanakula. Miongoni mwa hao wanne alikuwamo Ma Kokugonza, jirani wa Ma Bernadina, ambaye alikuwa mnene kiasi kwamba hata angepungua nusu hakuna ambaye angemshuku kitu.

"Mimi nitaendelea," alimwambia Ma Bernadina, aliyekuwa amelala na goti kwenye mto. "Nikibaki nyumbani nitasikiliza nani amekufa. Kule angalau nasikiliza filimbi."

"Na mimi je? Sikukuu hiyo inakuja."

"Wewe nenda kwa Apolinary."

"Yule mfunga vidonda? Yule asiyesema?"

"Umewasikiliza sana wanaosema," Kokugonza akajibu. "Umepata nini?"

*

Ta Apolinary alifanya kazi katika zahanati moja ndogo, kusafisha na kufunga vidonda. Wakati wa vita walimweka katika hospitali ya majeruhi, na kwa miezi saba kazi yake ilikuwa kuwafundisha kutembea askari waliosahau namna. Mmoja mmoja. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, kwa hiyo watu walimsamehe.

Alikuja Jumanne alasiri. Hakuleta filimbi wala dawa. Aliomba kiti, akaketi, akalitazama goti muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Kisha akauliza swali ambalo Ma Bernadina hakuwahi kuulizwa.

"Hili goti unalitaka la nini?"

"La nini? Goti si la kutembelea?"

"Kutembea unatembea, nimekuona. Kuna kitu unataka lifanye. Ukiniambia ni kitu gani, nitajua nianzie wapi."

Basi akamweleza. Shemeji, magoti, sikukuu, watoto watatu njia tatu. Alianza kwa mzaha, maana ndivyo alivyozoea kuanza, lakini alipofika kwa Ephrasia mzaha ukamwishia. Apolinary akasubiri mpaka apenge kamasi.

"Basi hatukimbii," akasema. "Mtu anayetaka kushuka na kupanda, mizunguko ya kiwanja itamsaidia nini? Leta kiti chako kirefu kuliko vyote."

Kazi ikaanza hivyo. Wiki ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye kiti cha mezani na kuinuka, mikono kifuani, mara tano, kupumzika, mara tano tena. Basi. Ma Bernadina aliona anachezewa.

"Ta Apolinary, mwanamume mzima kuja kwangu mara mbili kwa wiki kunitazama nikikaa na kuinuka! Unajua Kanazi wanasema nini?"

"Wanasema nini?"

"Wanasema unanichumbia kwa kutumia kiti."

"Geuza unyayo kidogo nje," Apolinary akajibu. "Hapo. Sasa inuka."

Wiki ya tatu alileta stuli. Wiki ya sita akageuza kinu, akamkalisha juu ya kitako chake. Wiki ya tisa likaja gogo dogo la kukalia jikoni, ambalo likikukalisha magoti yanakuja karibu na masikio. Kila kiti kilikuwa kifupi kuliko kile cha nyuma, na kila alipohamia kipya goti lilipiga kelele siku mbili, la tatu likakubali. Apolinary hakuwahi kusema "haraka", hakuwahi kusema "vizuri". Alisema "bado", au "hapo". Akimwona amekunja uso alimuuliza maumivu yako juu ya goti, chini au ndani, na kila jibu lilikuwa na dawa yake: kupumzika, kusogeza mguu, kufunga kitambaa.

Siku moja Ma Bernadina alimdanganya. Alisema amefanya peke yake asubuhi, mara kumi. Apolinary akaliangalia goti tu, akasema, "Hukufanya," akaendelea kufunga kitambaa. Ma Bernadina akamwambia Kokugonza baadaye kwamba amepata mwalimu mbaya kuliko wote, maana huyu huwezi kujificha nyuma ya mwenzako.

Ni katika wiki ya kumi na mbili Kocha alipopita. Alikuja kusalimia, au alisema hivyo, akamkuta Ma Bernadina anashuka mpaka kwenye mkeka na kupanda akishika ufagio.

"Aaa, Ta Apolinary!" akapaza sauti, ingawa walikuwa hatua tatu. "Kumbe umeniibia mchezaji!"

"Nimemkuta amelala," Apolinary akasema.

"Lakini nikuulize, ndugu yangu. Wiki kumi na mbili, mtu mmoja, goti moja. Mimi katika muda huo nafundisha kiwanja kizima."

"Kiwanja kizima ni wangapi siku hizi?"

Kocha akakohoa. "Wanne."

"Basi tumekaribiana."

Ma Bernadina alicheka mpaka ufagio ukamponyoka. Akawaonea huruma wote wawili, akawakalisha, akawapa kahawa, naye akabaki amesimama kati yao.

"Msigombane, mnanichosha. Nyie hamfanyi kazi moja. Kocha ni kama padre kwenye misa ya Jumapili. Anahubiri kwa wote, wote wanaimba, mtu anatoka amechangamka, lakini padre hajui nyuma kule nani amesinzia. Ta Apolinary ni padre kwenye kitubio. Amekaa na mimi peke yangu, dhambi yangu anaijua na tarehe yake. Sasa nani atasema kanisa liwe na kimoja bila kingine?"

"Mimi ndiye wa misa?" Kocha akauliza, uso umeanza kung'aa.

"Wewe ndiye wa misa. Na mahubiri yako mengine ndiyo yamefukuza waumini."

Kocha akainamisha kichwa, akazungusha filimbi kidoleni. Yule mtu alikuwa na kelele, lakini hakuwa na roho mbaya. Akauliza, safari hii kwa sauti ya kawaida, goti limefikia wapi.

"Mara tano," Apolinary akajibu. "Kwa siku moja, bila ufagio, anaweza kushuka mpaka chini na kuinuka mara tano. Ya sita bado. Ningepata mwezi mwingine ningempa kumi. Na siku yenyewe mimi sitakuwepo. Mgeni ni shemeji yake, mambo ni ya ukoo. Nikikaa pale kazi yangu itakuwa nini?"

"Mimi pia sitakuwepo," Kocha akasema. "Ila kikosi changu kitakuwepo. Akina mama wanne, wakaribishwe kupika. Mtu asiende vitani peke yake."

"Vita gani, Kocha?" Ma Bernadina akasema. "Ni kumpa mtu kahawa."

Lakini usingizi wa usiku huo ulikuwa mzuri kuliko wa siku nyingi.

*

Tarehe kumi na tano Agosti, baada ya misa, Ta Mutembei aliingia uani kwa miguu, koti jeusi, fimbo mkononi. Alisema ameshukia barabarani. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mbili, mzito, anayeketi kwa awamu. Watoto walimsalimu wakapelekwa nyuma ya nyumba. Jikoni Kokugonza na wenzake watatu walikuwa wakipika ndizi, mlango umeachwa wazi kwa makusudi.

Ma Bernadina alitoka chumbani, akaja mpaka mbele ya kiti, unyayo akaugeuza kidogo nje, akashuka. Hakuwa unyoya, lakini hakuwa gunia pia. Akasalimu kwa Kihaya, maneno yote ya heshima, akasubiri. Ta Mutembei akajibu taratibu sana, akiuliza habari za kila kitu mpaka za ng'ombe ambao Ma Bernadina hakuwa nao. Kisha akalitazama goti. Ma Bernadina akainuka bila kushika kitu. Hiyo ikawa ya kwanza.

"Umepona!" Ta Mutembei akasema.

"Mungu mwema, waitu."

Akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akashuka, akatoa, akainuka. Ya pili. Akaleta maji ya kunawa. Ya tatu, na hapo goti likaanza kumnong'oneza. Akaleta ndizi zimefunikwa jani, na nyama. Ya nne. Jikoni wale wanne walikuwa wamesogea mlangoni, miiko mkononi. Mzee akala, akasifu. Akaletewa tena maji ya kunawa. Ya tano. Aliinuka polepole, jasho limejikusanya juu ya mdomo, lakini aliinuka.

Kwa hesabu zake mambo yalikuwa yamekwisha. Salamu, kahawa, maji, chakula, maji: mgeni gani anadai zaidi? Akaanza kuondoka na beseni.

"Ma Bernadina," shemeji akaita kutoka nyuma, kwa upole wake ule ule. "Na kiko changu hiki. Niletee kaa la moto niwashie."

Aliligeuza beseni mkononi. Angeweza kumtuma Klaudia, lakini macho ya mzee yalikuwa gotini kwake, naye alijua kwamba mzee ameona limechoka. Akaenda jikoni. Kokugonza akamwekea kaa kwenye kigae, akamshika kiwiko mara moja, akamwachia. Akarudi, akashuka, akatoa kaa kwa mikono miwili. Kiko kikawaka.

Akajaribu kuinuka. Goti likakataa. Halikuuma sana, lilikataa tu, kama punda aliyefika darajani. Akajaribu kulisogeza, likabaki pale pale. Ta Mutembei akavuta moshi, akautoa, akasubiri. Nyuma ya nyumba Ephrasia alikuwa akiimba wimbo usio na mwisho.

Ma Bernadina akafanya ishara ya msalaba.

"Shemeji," akasema, kwa sauti iliyofika jikoni bila taabu, "kwa kuwa leo ni sikukuu ya Mama Maria, na mimi tayari niko chini, sioni sababu ya kuinuka kabla hatujamwombea ndugu yako, na Nathanieli, na mkewe. Si vema?"

Mzee akatoa kiko mdomoni. "Sasa hivi?"

"Marehemu wanasubiri nini, waitu?"

Kokugonza alikuwa ameshaingia, na wenzake watatu nyuma yake wakifuta mikono kwenye khanga. Wakapiga magoti wote kwa mpigo mmoja, kama kikosi kilichosikia filimbi, mbele ya kiti, kushoto na kulia. Wanawake watano wakamtazama Ta Mutembei. Mkatoliki wa miaka sabini na mbili, mjumbe wa baraza la parokia, angebakije kitini ndugu yake akiombewa? Akaweka kiko kando, akashika fimbo, akashuka, awamu kwa awamu, akilalamika puani.

Ma Bernadina alianza na litania ya watakatifu wote. Hakuwa na haraka. Alimtaja kila mmoja kwa cheo chake, akiwaacha wenzake waitikie "utuombee" mpaka mwisho wa pumzi, na kila walipoitikia alihamisha uzito kutoka goti la kulia kwenda la kushoto, alivyofundishwa, akalipumzisha. Mitume wakaisha. Wafiadini wakaisha. Akaingia kwa mabikira. Walipoisha na hao, akaongeza watakatifu wa majina yote ya ubatizo ya Kanazi, mmoja mmoja, hata wale ambao padre mwenyewe pengine angelazimika kuwatafuta kitabuni.

"Mtakatifu Apolinari," akasema.

"Utuombee," akaitikia Kokugonza kwa moyo wote.

"Mtakatifu Privatus."

"Utuombee!"

"Amina," Ta Mutembei akasema, bila kuulizwa.

"Bado Baba Yetu, shemeji."

Walipomaliza Baba Yetu, goti lilikuwa limepoa. Alilisikia limekubali kabla hajalisogeza. Akaleta mguu wa kushoto mbele, akatazama juu kwenye msalaba wa ukutani na si chini, akainuka. Kushoto na kulia kwake wale wanne wakainuka naye, wakikung'uta khanga.

Ta Mutembei alibaki chini.

"Sala imekwisha, shemeji," Ma Bernadina akasema.

"Najua." Mzee alikuwa ameinamia fimbo, vidole vimekuwa vyeupe. "Nina nia yangu binafsi. Endeleeni tu na shughuli."

Wakangoja. Nia ile binafsi ilikuwa ndefu. Mwishowe Ma Bernadina akamwendea, akainama sikioni.

"Geuza unyayo kidogo nje," akamwambia taratibu. "Mguu wa kushoto lete mbele. Usitazame chini. Hapo. Sasa Kokugonza atakushika huku, mimi huku, na hakuna atakayesema kitu Muleba."

Walimwinua. Alipokwisha kukaa kitini alibaki muda akihema, uso unamwaga jasho, na Ma Bernadina akamletea maji ya kunywa. Alimpa akiwa amesimama. Mzee akayapokea bila kutazama goti la mtu.

"Ma Bernadina," akasema alipomaliza kunywa.

"Waitu."

"Lile neno la Pasaka. La watoto."

"Nalikumbuka."

"Ulinisikia vibaya." Akajifuta mdomo, akanyoosha koti, akawatazama wale wanawake wanne waliokuwa hawaendi popote. "Mimi kumtoa mjukuu wa ndugu yangu katika nyumba yake? Maneno tu ya mtu mzima, ya kupima. Mimi leo nimekuja kusalimia, basi. Wala mawazo hayo sikuamka nayo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo! Mungu shahidi, na tumetoka kusali sasa hivi."

Kokugonza akafungua mdomo, Ma Bernadina akamkanyaga. Hapo hapo sauti ya mwanamume ikabisha hodi uani, na akaingia Mujuni, dereva wa pikapu inayokwenda Muleba, kofia mkononi, anatabasamu kwa wote.

"Samahani, Mzee Mutembei, naona jua linakwenda. Nimeshatandika majani kule nyuma wakae vizuri, na yule atakayeshukia Kibeta nitaanza naye." Akatazama huku na huku. "Wale watoto watatu uliowalipia nafasi asubuhi, bado wanafunga mizigo?"